Shajara ya mradi: maoni ya watu wa Pemba juu ya siri ya mgonjwa

10 Agosti 2024: Tunaanza

Tuko wanne. Mimi na mwenzangu mmoja ni wasaidizi wa sheria, wa tatu ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, wa nne ni kijana anayeijua kompyuta. Tumekubaliana kukusanya maoni ya watu wa Pemba kuhusu namna sheria inavyopaswa kulinda habari za mgonjwa, kuyaandika waraka mmoja, na kuufikisha Tume ya Kurekebisha Sheria Zanzibar na kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoshughulikia afya.

Kilichotusukuma ni mama mmoja aliyekuja kwangu mwezi Juni. [Sentensi mbili zimefutwa hapa tarehe 26 Oktoba. Sababu iko kwenye maandishi ya siku hiyo.] Aliniuliza ashitaki kwa sheria gani. Nikamtajia Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, kinachompa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi na ya familia yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Na hicho kifungu kinamwambia nini yule aliyekaa dirishani hospitali?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tuna shilingi 1,150,000, tulizochanga wenyewe na jamaa zetu walioko Unguja. Nitaandika kila hatua ikimalizika, na gharama zake, ili atakayetaka kufanya kazi hii Mkoani au Makunduchi asipoteze fedha pale tulipozipoteza sisi.

24 Agosti 2024: Mkutano mkubwa haukutupa kitu

Tuliomba ofisi ya shehia, eneo dogo kabisa la utawala, na sheha, kiongozi wake, akatukubalia siku ile ile. Walikuja watu 41. Viti vya kuazima, maji ya chupa, mwalimu akafungua kwa dua. Nikasoma fomu yangu ya maswali 22. Baada ya saa nzima tulikuwa na jibu moja, limerudiwa na watu saba: "Siye hatuna tatizo, huduma nzuri, tunashukuru." Kwa upande wa kina mama hapakunyanyuka mkono hata mmoja.

Nilirudi nikiamini kwamba watu hawajali. Mwalimu ndiye aliyenifungua macho tulipokuwa ndani ya gari. "Umewakalisha mbele ya sheha, mbele ya wakwe zao, na muuguzi wa kituo chao yuko safu ya pili. Kisha unawauliza habari zao za hospitali zimetoka vipi. Ungekuwa wewe ungesema?" Na yule muuguzi tulimwalika wenyewe, kwa heshima. Hatukufikiri kwamba kuwapo kwake peke yake kunawafunga watu midomo.

Gharama: mkutano 86,500, nakala za fomu 24,000. Fomu zote zimerudi tupu.

Marekebisho: hatufanyi tena mikutano ya wote. Tutakwenda kwa sheha kuomba ruhusa, tumweleze kazi yetu, kisha tumwombe kwa adabu asihudhurie. Masheha wawili tuliowajaribu wamekubali bila kuudhika. Mmoja alisema hata yeye ana lake la kusema, lakini si mbele ya watu wake.

7 Septemba 2024: Tatizo lilikuwa neno

Barza ya kwanza ndogo, kikao cha wanaume kumi na mmoja baada ya sala ya alasiri. Nilianza kwa kusema tumekuja kuzungumza juu ya faragha ya taarifa za afya. Mzee mmoja akatazama chini, akasema mambo ya faragha hayazungumzwi barazani na vijana wamo. Kwao faragha ni chumba cha mume na mke. Sheria tunazisoma kwa Kiswahili, lakini si kila neno la sheria linamfikia msikilizaji vile lilivyoandikwa.

Siku ya pili, kwa kina mama, nikasema "siri ya mgonjwa". Bibi mmoja akanikata kwa ukali: "Sina siri mie. Nina sukari." Wenzake wakamuunga mkono. Mwenye siri ni mwenye jambo la kuficha, na yeye hana alilolificha, basi kwa nini nimweke katika kundi hilo?

Mwenzangu ndiye aliyelipata lililofaa, nalo halikuwa neno, lilikuwa maswali mawili: "Ukitoka hospitali, nani anayajua maradhi yako? Na wewe ulitaka nani ayajue?" Bibi yule yule wa sukari alizungumza nusu saa. Hakutaka mwenye duka ajue, kwa sababu sasa kila akienda kununua sukari ya chai ya wajukuu anasemeshwa mbele ya wateja.

Fomu ya maswali 22 tumeitupa. Yamebaki haya mawili, na mengine mawili ya kufuatia: "Limekufikisha wapi?" na "Ungetaka iweje?" Atakayeiga kazi hii aanzie hapa.

21 Septemba 2024: Vipeperushi 300 havifai

Hili ni kosa langu, na linawahusu wote wanaosaidia watu kisheria hapa Zanzibar.

Nilitengeneza kipeperushi cha kuwaeleza watu haki zao kwa kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Ni sheria yenye maana: habari za afya imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Nikaandika kwamba mtu wa Pemba ambaye habari zake za kituo cha afya zimevuja apeleke malalamiko kwa Tume hiyo. Tukachapisha 300, tukagawa kama 40.

Mwanasheria kijana aliyekuwa Chake Chake kwa kesi yake akakisoma kimoja, akaniuliza kama nimekisoma kifungu cha 2. Sikuwa nimekisoma kwa makini. Sheria hiyo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, ila kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, yaani yale ambayo Zanzibar inajiamulia yenyewe. Na afya si jambo la Muungano. Fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977: utaona polisi, uraia, posta na simu, elimu ya juu. Afya haimo.

Kwa hiyo mlango niliokuwa nawaonyesha watu si wa nyumba yao. Na hapo likazuka swali tuliloliweka katika waraka: simu imo katika orodha ya Muungano, kituo cha afya hakimo, je, habari ya mgonjwa ikisafiri ndani ya simu iko chini ya nani? Hatutaki jibu la mtu mmoja mmoja kwa kubahatisha. Tunaomba Baraza la Wawakilishi liandike wazi, kwa ajili ya afya ya Zanzibar, nani anawajibika na malalamiko yanapokewa wapi.

Vipeperushi 60,000. Vilivyobaki tumevichoma, na vile 40 tumevifuata mkono kwa mkono. Vimerudi 26.

12 Oktoba 2024: Barza tisa zimekamilika

Tumekaa na watu 117: wanawake 68, wanaume 49. Wanawake tuliwakuta majumbani, asubuhi baada ya kazi za ndani au saa kumi jioni. Wanaume barazani. Mikarafuu ilituchelewesha wiki nzima, kwa sababu ukifika kijijini wakati wa mchumo humkuti mtu, na anayerudi magharibi na vidole vyeusi hataki maswali. Nauli 198,000, chai na mandazi 72,000.

Nilidhani watu watazungumzia kompyuta. Waliozitaja ni wachache mno. Waliyoyasema yako dirishani, mlangoni na kwenye benchi.

Benchi nilikwenda kuliona mwenyewe, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Milango mitatu, mabenchi matatu, na kila mtu pale anajua mlango upi ni wa maradhi gani na siku ipi ni ya kina nani. Benchi la mwisho lilikuwa na watu wanne. Wote wamekaa wameupa mgongo ujia, na mmoja amevuta ushungi mpaka chini ya macho, ingawa jua lilikuwa kali na pale hapana kivuli. Mlango ulipofunguliwa hakuitwa mtu kwa jina. Aliyetoka alionyesha kidole tu, na yule akainuka haraka kama aliyeitwa kortini. Mhudumu huyo alidhani anamsitiri, na nia yake ilikuwa njema. Lakini benchi lilikwisha kusema tangu saa mbili asubuhi.

Waliotoa maoni juu ya hili wote walitaka kitu kile kile: siku zichanganywe, na milango isiwe ya maradhi. Jambo hili halihitaji fedha nyingi, linahitaji kuandikwa mahali ambapo mkuu wa kituo atalazimika kulifuata.

Mengine nayapitia kwa haraka. Daftari la wagonjwa linaloachwa wazi mezani, na anayefuata anasoma mstari wa aliyetangulia. Mwenye duka la dawa anayeuliza kwa sauti "hizi za nini?" Mtumishi wa serikali aliyetaka kujua kama mwajiri wake anaweza kuona ametibiwa nini kwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya 2023. Kuhusu maradhi ya mripuko hapakuwa na ubishi: kila mtu anakumbuka kipindupindu cha 2015 na 2016, na kila mtu anakubali maofisa wapewe jina na nyumba ya mgonjwa. Wasichokubali ni jina hilo kufika kwenye kipaza sauti.

Mhudumu mmoja wa kujitolea wa afya ya jamii, wale wanaopita majumbani na simu katika mpango wa Jamii ni Afya, alitugeuza fikra. Sisi tulikuwa na wasiwasi na simu. Yeye akasema: "Simu yangu ina nambari ya kufungulia. Daftari langu la zamani nyumbani kwangu kila mtu alikuwa analisoma." Tumeandika hivyo hivyo. Sheria isiogope chombo, iangalie nani anakifungua.

26 Oktoba 2024: Tumevujisha sisi wenyewe

Niliandika muhtasari wa kwanza, kurasa tano, bila jina la mtu hata mmoja. Nikawapa watu watatu ninaowaamini wausome. Siku ya nne mwenzangu alikuwa mnadani kwa samaki, akamsikia mtu anasimulia habari ya mwanamke mmoja, kwa jina lake kamili, kama ilivyo katika ukurasa wetu wa tatu.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Msomaji mmoja alimtambua, akamhurumia, akamwambia mkewe. Tulikuwa tumefuta jina, tukaacha idadi ya watoto wake, kazi yake na mahali anapokaa. Katika shehia ambayo watu wanajuana mpaka kwa kikohozi, hilo ni jina. Nikiandika hapa alama zenyewe nitakuwa nimerudia kosa, kwa hiyo siziandiki. Na ndiyo maana nimerudi kwenye maandishi ya 10 Agosti nikafuta sentensi mbili.

Tulikwenda kwake, mimi na mwenzangu wa kike, tukavua viatu, tukakaa mkekani. Nilimwambia yote bila kujitetea. Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Kisha akasema: "Mwanangu, mie nilikwambia wewe. Sikuiambia karatasi." Nikamwomba radhi. Akasema radhi ipo, lakini mume wake amekwisha kusikia mnadani jambo ambalo alipaswa kulisikia kwake.

Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile. Tulikuja kutetea mgonjwa, na mgonjwa ameumizwa na sisi.

Tulichobadilisha, na naomba wanaofuata wakianze siku ya kwanza, wasingoje kama sisi:

Kauli ya mtu haibebi zaidi ya alama moja inayomhusu. Tukitaja jinsia hatutaji kazi, na shehia hatuzitaji kabisa. Kauli zinazofanana tunaziunganisha ziwe moja. Sauti zilizorekodiwa zimefutwa kwenye simu zote nne baada ya kuandikwa, tukitazamana. Karatasi ziko ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, kwa mwalimu. Na kila muhtasari, kabla haujasomwa na mtu wa nje, unasomwa na mtu wa shehia ile ile akiwa na swali moja tu: unamjua huyu? Akimjua, tunaandika upya.

Pendekezo letu la kwanza katika waraka limetoka hapa. Sheria za taarifa zinasema habari inamhusu mtu ikiwa anaweza kutambulika. Sisi tunaomba Zanzibar iandike: kutambulika na jirani wa shehia yake, si na mtu wa mbali asiyemjua. Kipimo cha mji mkubwa hakimstiri mtu wa kisiwa kidogo cha Kojani.

Gharama: safari za kuomba radhi 31,000, sanduku na kufuli 35,000.

16 Novemba 2024: Kanuni ya New Zealand na kumjulia hali mgonjwa

Kijana wetu alitafuta nchi iliyoandika kanuni za afya peke yake, akaipata New Zealand. Wana kanuni ya faragha ya taarifa za afya tangu 1994. Waliiandika upya, na ile mpya ikaanza kazi 1 Desemba 2020, ina vifungu 13. Cha 5 ni cha kutunza, cha 6 kinampa mgonjwa haki ya kuona habari zake mwenyewe, cha 11 kinasema lini zinaweza kutolewa kwa mwingine.

Tulirudi kwa barza tano tukiwa na swali moja gumu. Kwetu mgonjwa si wa peke yake. Anapelekwa na kaka, analipiwa na mjomba, anauguzwa na dada, na mtaa mzima unakwenda kumjulia hali, na ni ibada. Sheria itakayosema habari ni ya mgonjwa tu itamfungia mlango nani?

Jibu lilitoka katika kifungu chao cha 11. Wao wanaruhusu hospitali kusema kwamba mgonjwa yupo, yuko wodi ipi na hali yake siku hiyo ikoje, isipokuwa mwenyewe amekataza. Niliposoma hilo mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja: "Ndiyo hivyo! Mgeni wa mgonjwa anataka kujua yu wapi na hajambo kiasi gani. Anaumwa nini, atamwambia mwenyewe akitaka." Barza zote tano zimekubali. Kina mama wakaongeza kwamba mgonjwa aulizwe anapofika, akiwa peke yake, nani aambiwe na nani asiambiwe, na lililoandikwa lifuatwe hata kama asiyeambiwa ni mume. Wanaume wa barza moja hawakulipenda. Tumeandika maoni yote mawili, na tumesema wazi sisi tuko upande upi: upande wa mgonjwa.

Gharama za mzunguko huu: 150,000.

21 Desemba 2024: Kuwasomea rasimu

Waraka una kurasa 14. Tumetoa nakala 6 na kuzifunga vizuri: 28,800. Haukuwa uamuzi wa busara kuzifunga kabla ya kuwasomea wenyewe, lakini tulitaka waone kazi yao imekuwa kitabu.

Tulisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Masahihisho yalikuwa madogo, isipokuwa moja. Yule mama wa mwezi Juni, aliyeianzisha kazi hii, alikuja. Aya yake ilikuwa ukurasa wa 7. Ilikwishapita kwa wasomaji wawili wa shehia na hawakumtambua. Kwa maoni yangu ndiyo aya nzito kuliko zote, na nilikuwa nimeitegemea imguse mjumbe atakayeisoma.

Aliisikiliza akasema: "Imekaa vizuri. Lakini itoeni." Mwalimu akamwuliza kwa upole kama ana hofu atajulikana. Akasema hana hofu hiyo. Mwanawe hakuulizwa, na habari ni ya mwanawe.

Hatukuwa tumelifikiria hilo hata siku moja. Miezi minne na zaidi tumeuliza idhini ya aliyesema, bila kuuliza idhini ya anayesemwa. Tumeitoa. Kuchapisha upya ukurasa na kufunga nakala tena: 13,200. Kisha tumezipitia kauli zote na kukuta nyingine nne za namna hiyo, mama kasema ya mwana au mke kasema ya mume. Mbili tumepata idhini ya mwenyewe, mbili tumezifuta.

16 Januari 2025: Waraka umefika

Baada ya sikukuu ya Mapinduzi nilivuka kwenda Unguja, nikalala kwa shangazi. Nakala mbili Tume ya Kurekebisha Sheria, mbili Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Zimepokewa na kugongwa muhuri, na barua za mapokezi ziko kwenye sanduku la bati. Safari 130,000.

Jumla tumetumia 828,500. Zimebaki 321,500, na zitakwenda kwenye nauli. Kabla ya Ramadhani tunarudi barza zote tisa kuonyesha muhuri. Nakala ya tano inakaa kwa mwalimu, ya sita nimempelekea yule mama. Aliifungua ukurasa wa 7, akapitisha kidole sehemu iliyobaki nyeupe chini, akaifunga, akaiweka juu ya kabati pamoja na Msahafu.